Mahali pa Kusimama

Mpiga picha aliyetoka Zanzibar akashukia Dodoma hupata taabu siku ya kwanza. Mji Mkongwe umemdekeza. Kule uchochoro wenyewe humpangia picha: kuta mbili zinabana pande zote, mwanga unateremka kwa kiasi, mlango wa nakshi upo tayari, na yeyote atakayepita katikati ndiye mhusika. Dodoma barabara ni pana, majengo yameachana, mbingu imechukua nusu ya kila kitu. Anainua kamera, anabofya, anatazama kioo na kukuta uwanda wa vumbi, nguzo ya umeme na bajaji iliyokatwa nusu ukingoni. Jioni anawaambia wenzake kwamba mji huu hauna picha.

Kauli hiyo nimeisikia kwa wageni, na kwa wenyeji pia, na kila nikiisikia naona msemaji amelaumu mji kwa kazi iliyokuwa yake. Kwingine mji hufanya nusu ya utunzi. Hapa unaufanya mwenyewe, kwa miguu kabla ya kidole. Ndiyo sababu nawaheshimu sana watu wanaoishi kwa kamera katika nyanda hizi za kati. Wamejifunza fani yao mahali ambapo hakuna kinachotolewa bure.

Na mji haukuwa tambarare kwa bahati tu. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka huohuo Nairobi ilikuwa inakamilisha KICC, jengo la ghorofa 28 ambalo kizazi baada ya kizazi cha wapiga picha kimelitumia kama nanga ya fremu. Mtu kama Mutua Matheka, aliyejulikana kwa picha zake za majengo ya Nairobi, amefanya kazi katika mji wenye mistari ya wima kila upande. Dodoma ilichaguliwa njia nyingine. Ramani kuu ya mwaka 1976, iliyochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto kwa ajili ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA iliyovunjwa mwaka 2017, ilitaka mji wa watembea kwa miguu na wapanda mabasi, majengo mafupi yanayofuata sura ya ardhi. Mwalimu Nyerere hakutaka makao makuu ya kujionyesha. Si yote yaliyochorwa yalijengwa, lakini ule ulalo umebaki. Ukipiga picha Dodoma unapiga mlalo, na mlalo ni mgumu kuliko wima, kwa sababu jicho linateleza juu yake na kutoka nje bila kushikwa na kitu.

Kinacholishika jicho basi ni nini? Nilianza kupata jibu pale Nyerere Square, kwa kuwatazama watu ambao hakuna jarida linalowaita wasanii.

Katika bustani ile wapo wapiga picha wanaongoja wateja wa kupita: familia zilizokuja mjini kumwona mgonjwa, wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wenye majoho na maua ya plastiki, wageni wa vikao msimu wa Bunge. Mmoja wao ni mtu mzima, mwenye kofia ya kitambaa na kamera iliyochakaa rangi kwenye pembe, na printa ndogo ndani ya begi. Kazi aliianza enzi za filamu ya picha 36, wakati picha zilipelekwa studio kusafishwa na kila kubofya kulikuwa na gharama. Enzi hiyo imempa mazoea ambayo vijana wa kadi ya kumbukumbu wanayapata kwa shida. Habofyi mpaka amemaliza kuamua.

Kwanza husalimia. Vijana watamwamkia, naye ataitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwingine. Wazee waliotoka Bahi au Mvumi anawasalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, na mabega yao yanashuka palepale. Salamu nazo ni sehemu ya utunzi: mtu aliyekakamaa hana pozi zuri hata umpange vipi. Kisha hufanya jambo ambalo sijaliona kwa mgeni hata mmoja. Hutazama nyuma ya mteja kabla ya kumtazama mteja. Anapima mandhari ya nyuma kama fundi cherehani anavyopima kitambaa kabla ya kugusa mkasi. Kuna nguzo? Kuna bango la simu? Kuna mtu amevaa fulana ya njano anayevuta macho? Akiona nguzo itaota kichwani mwa mama wa watu, hamwambii mama asogee. Anasogea yeye, hatua moja kushoto, na nguzo inahamia pembeni au inajificha kabisa mgongoni mwa mteja. Anayelipa hajui kwamba kuna nguzo iliyoondolewa.

Halafu kuna suala la sanamu. Kila mgeni anataka picha yake na ya Mwalimu, wote wawili, kamili kuanzia kichwa hadi kiatu. Mtu asiyejua hurudi nyuma, nyuma zaidi, mpaka vyote viingie. Sanamu inaingia vizuri na mteja anakuwa kidoa. Yule mzee hufanya kinyume. Anamwita mteja aje mbele, mbali na sanamu, hatua chache tu kutoka kwenye lenzi. Kisha anapiga goti moja. Kutoka chini pale, kichwa cha mteja kinapanda mpaka kukaribia usawa wa sanamu iliyo nyuma, na baina yao kuna nafasi ya anga ili mmoja asimfunike mwingine.

Hesabu yake ni nyepesi, na inafaa kuijua. Ukubwa wa kitu kimoja dhidi ya kingine kwenye picha unaamuliwa na umbali wako na vitu hivyo. Mtu wa kimo cha mita 1.6 aliye mita 2 kutoka kwenye kamera huchukua nafasi sawa na kitu cha mita 8 kilicho mita 10. Kwa hiyo mama mfupi anaweza kusimama sawasawa na mnara, bila hila ya kompyuta, ikiwa mpiga picha amejua pa kuwaweka wote wawili na pa kujiweka yeye. Yule mzee hajaifanya hesabu hii kwenye karatasi. Ameifanya kwa goti, na suruali yake imepauka pale linapogusa sakafu.

Kabla ya kubofya, jicho lake huzunguka kingo nne za fremu. Nilimuuliza siku moja anatafuta nini, akaniambia anatafuta wezi. Ndiyo hao: mkono wa mpita njia, gurudumu la bodaboda, chupa ya maji iliyoachwa chini, chochote kinachochungulia pembeni na kuiba macho. Kitu kiingie chote au kitoke chote. Miguu haikatwi kwenye kifundo wala kwenye goti. Ukilazimika kukata, kata katikati ya paja au kiunoni, la sivyo mtu huonekana kama aliyepoteza kiungo. Wengi tulio na simu tunatazama uso tu kisha tunashangaa picha imechafukaje.

Vitabu vingi vya upigaji picha huanza na kanuni ya theluthi: gawa fremu kwa mistari miwili ya kulala na miwili ya kusimama, weka mhusika penye makutano. Kanuni hiyo ni kongwe kuliko kamera. Mchoraji Mwingereza John Thomas Smith aliiandika mwaka 1797 akizungumzia michoro ya mashamba, karibu miaka 30 kabla Mfaransa Niépce hajapata picha yake ya kwanza ya kudumu kutoka dirishani. Ni kanuni nzuri, na nadhani inafundishwa mapema mno. Mwanafunzi anaishika, anamsukumia kila mtu pembeni, na theluthi mbili zilizobaki anaziacha wazi bila sababu. Yule mzee wa Nyerere Square humweka pembeni anayetazama pembeni, ili mtazamo wake upate nafasi ya kupumua mbele. Lakini anayekuja na suti au na joho, anayetaka picha ya kutundika ukutani kwa baba yake Kongwa, huyo huwekwa katikati kabisa, mabega sawa, macho kwenye lenzi. Picha ya heshima ina utunzi wake, na wateja wanaujua kabla ya kufika. Wapiga picha wa studio za pwani waliuheshimu miaka mingi. Omar Said Bakor wa Lamu aliwapiga watu wa mji wake kwa heshima hiyohiyo na bado akapata nafasi ya kucheza nao.

Uwanda wa Dodoma wenyewe, kwa upande mwingine, unaidai ile kanuni. Weka mstari wa upeo wa macho katikati ya fremu na umepata vipande viwili vinavyogombana, kimoja cha buluu na kimoja cha udongo. Lazima uchague. Kiangazi, kati ya Mei na Novemba, mbingu mara nyingi ni tupu na ardhi ndiyo yenye habari: nyufa, nyayo za mbuzi, vivuli vya mibuyu isiyo na majani. Hapo upeo upande juu. Masika yakikaribia, mawingu yanapoanza kujijenga mchana na upepo ukageuka, ushushe upeo hadi chini kabisa uiachie mbingu ifanye kazi. Mbuyu mmoja kwenye ukanda mwembamba wa ardhi, na wingu lote juu yake, ni picha ambayo Dar es Salaam haiwezi kukupa.

Mwanga nao. Dodoma ipo nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni kavu. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita utosini kabisa, na kwa sababu mji uko magharibi mwa mstari unaotawala saa zetu, utosi wenyewe huwa saa sita na nusu mchana hivi. Wakati huo macho ya mtu huwa mashimo mawili meusi chini ya paji. Asubuhi na jioni mwanga ni mzuri, lakini karibu na ikweta jua huchomoza na kuzama wima, haliburuzi miguu kama Ulaya. Ule mwanga wa dhahabu unaosifiwa vitabuni huko hudumu muda mrefu. Hapa ukienda kununua maji ya kunywa unarudi umekwisha. Asiyekuwa ameshasimama mahali pake saa kumi na mbili kasoro jioni amechelewa.

Sasa, mpiga picha wa bustani hawezi kumwambia mteja arudi jioni. Basi la Kondoa halimngoji mtu. Kwa hiyo mchana humpeleka chini ya mti, na hapa kuna ufundi ambao nilichukua muda kuuelewa. Hamuingizi kivulini kabisa, ambako madoa ya jua hupenya majani na kuuchora uso. Humsimamisha kwenye ukingo wa kivuli, akitazama nje, kule kunakowaka. Uso unapata mwanga mpana na laini kutoka angani, na ule udongo mkavu wa Dodoma unarudisha sehemu ya mwanga kutoka chini, unajaza macho na kidevu. Studio za mjini hununua vibao vyeupe kwa kazi hiyo. Yeye anatumia ardhi.

Kivuli kile kinatatua pia tatizo la zamani la watu weusi na kamera. Kipimo cha mwanga cha kamera hutafuta wastani. Kikiona anga jeupe nyuma ya uso mweusi, hupunguza mwanga wa picha nzima na uso unakuwa giza. Filamu za rangi zenyewe kwa miongo mingi zilirekebishwa maabara kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, na ngozi zetu zilitoka kama zilivyotoka. Simu za leo zimejitahidi, lakini bado zinadanganywa na anga. Dawa ni mbili: punguza anga kwenye fremu, au gusa uso kwenye kioo cha simu ili ipime hapo. Ukifanya hivyo anga litapauka. Liache lipauke. Hakuna mama aliyekuja kuchukua picha ya anga.

Ukitoka bustanini kwenda Soko la Majengo unakutana na tatizo jingine kabisa: vitu vimezidi. Nyanya, mitumba, ndoo, mikono, vichwa. Wageni wengi hupiga kutoka mlangoni, kwa mbali, wakidhani wingi ndio habari. Wingi haupigiki kwa mbali. Msogelee muuzaji mmoja, zungumza naye, nunua, omba ruhusa, kisha mwache awe mkubwa mbele na soko lote lifanye kazi nyuma yake. Zabibu huvunwa misimu miwili kwa mwaka hapa, karibu na Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Msimu huo beseni la zabibu lililowekwa karibu na lenzi, muuzaji katikati, na mwanga wa lango nyuma vinakupa tabaka tatu, na picha bapa inaanza kuwa na kina ambacho unaweza kuingia.

Mashambani kwenyewe, Hombolo au Makutupora, kuna safu za mizabibu, na safu ni kishawishi. Kila aliyesoma kidogo anajua habari ya mistari inayoongoza jicho, kwa hiyo anachuchumaa mwanzo wa safu na kupiga mistari inayokutana mbali. Inakutana wapi? Mara nyingi hakuna kitu pale. Jicho limepelekwa safari nzima likakuta uwazi. Subiri mvunaji afike mwisho wa safu, au hamia safu ambayo mwisho wake una mti, mlango, mtu. Hata reli ina mtego huu, na zaidi. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910 hivi wakati wa Wajerumani, na tangu 2024 treni ya umeme ya SGR inaleta wasafiri kutoka Dar es Salaam kwa saa chache badala ya siku nzima. Watu wanapenda kusimama katikati ya mataruma wakipiga mistari inayokwenda. Ni hatari, na hairuhusiwi, na picha yenyewe imeshapigwa kila nchi yenye reli.

Kuhusu ruhusa niseme kwa ufupi. Huu ni mji wa serikali. Bunge, Ikulu ya Chamwino, Mji wa Serikali pale Mtumba, kambi, viwanja vya ndege na miundombinu ya namna hiyo havipigwi kienyeji. Uliza askari kwanza, na akikataa funga kamera bila mabishano. Ndege zisizo na rubani zina vibali vyake kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Watu nao wana haki: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini hata bila sheria, mzee aliyekaa kibarazani kwake si mandhari.

Nirudi kwenye umbali, kwa sababu ndio siri kubwa ya nyanda hizi. Vilima vya mawe vinavyouzunguka mji, Mlimwa na wenzake, ukivitazama kwa macho vinatawala. Ukivipiga kwa simu vinakuwa vichuguu. Kamera kuu ya simu nyingi ina lenzi pana, kama ya mm 24 hadi 26 kwa kipimo cha filamu ya mm 35, na lenzi pana huingiza mambo mengi ambayo kilima kinapotea ndani yake. Chukua mfano wa duka lililo kilomita moja mbele ya kilima. Ukisimama mita 10 kutoka dukani, duka ni kubwa na kilima ni mkwaruzo nyuma yake. Rudi mpaka mita 100, tumia lenzi ndefu ili duka libaki na ukubwa uleule kwenye fremu, na kilima kitakuwa kimekua zaidi ya mara tisa dhidi ya duka. Sasa kimesimama mgongoni mwa mwenye duka, kama anavyokiona yeye kila asubuhi anapofungua. Hakuna kilichodanganywa. Umetembea mita 90 tu, na ni mita hizo ambazo mvivu hazitembei.

Walio bora katika hili ni wapiga picha wa mahafali pale UDOM. Chuo kimetandazwa juu ya miinuko, majengo yameachana kwa umbali wa kuchosha, na wahitimu ni maelfu kwa siku moja. Utawaona vijana hao wakikimbia na lenzi ndefu, wakimwacha mhitimu peke yake mbele ya nyasi kavu, wao wakirudi nyuma na kurudi nyuma huku wakipunga mkono: dada, kaa hapohapo, usije. Mhitimu anadhani wamemtelekeza. Picha ikitoka, joho limejaa fremu, nyasi zimeyeyuka kuwa rangi ya asali na jengo la chuo limesogea hadi begani kwake.

Yeyote anayesafiri kwa ajili ya picha kanda hii asiishie mjini. Barabara ya lami inayokwenda Babati inapita Kondoa na kufika Kolo, ambako kuna michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Ni mapango zaidi ya 150, mengi yakiwa ni miamba iliyotokeza kama paa, na ndani yake kuna watu wembamba warefu wenye vichwa vikubwa, twiga, tembo, pofu, wamechorwa kwa rangi nyekundu, baadhi yao miaka zaidi ya 2,000 iliyopita, na juu yake michoro myeupe ya baadaye. Mwaka 1951 Mary Leakey alifanya kazi huku, akinakili mamia kwa mamia ya maumbo kwa mkono, kazi aliyoichapisha katika kitabu mwaka 1983. Kunakili kwa mkono kulimlazimisha kutazama kila mstari.

Kwenye pango moja la Kolo kuna watu watano. Wawili upande huu, wawili upande ule, na wa katikati mikono yake imeshikwa pande zote mbili. Leakey aliona ni utekaji. Wengine wameona ngoma ya tiba, kama ile ambayo Wasandawe wanaijua. Sina la kuamua hapo. Ninachokitazama ni jinsi mchoraji alivyofanya kazi. Hakuwa na fremu, alikuwa na mwamba. Mikono ndiyo mistari inayoongoza, na yote inaelekea kwa mtu mmoja. Miili imeinama kuelekea pande tofauti, kwa hiyo picha inavuta. Kuwazunguka ameacha mwamba mtupu, ingawa nafasi ilikuwepo na rangi bila shaka ilikuwepo. Kila nilichokieleza hapo juu kimo pale: chagua mhusika, elekeza jicho, ondoa kisichohusika, acha nafasi. Ukienda, nenda na mwongozo rasmi, usiguse ukuta, usimwagie maji ili rangi iwake, na ukumbuke kwamba baadhi ya mapango bado watu huyaendea kwa matambiko. Kaa kwanza ukiwa umeweka kamera chini.

Nimalize na ombi, kwa wenyeji zaidi kuliko wageni. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ya 2022 ikawakuta 765,179 katika Jiji la Dodoma. Uwanda ninaousifia unajengwa kila wiki. Iyumbu, Nzuguni, Mtumba, Ihumwa, mahali palipokuwa na mbuyu na mbuzi sasa pana mabati na matofali, na lile jiji fupi la ramani ya 1976 linaanza kuota ghorofa. Sijamwona anayelipiga kwa utaratibu. Picha nyingi za mitaa hiyo zipo kwenye simu, hazina jina wala tarehe, na simu ikianguka kwenye beseni la maji zimekwenda. Kwa hiyo simama kwenye kona ya mtaa wako, mahali ambapo unaona kilima na mlango wa jirani kwa pamoja, piga picha moja iliyofikiriwa vizuri, kisha rudi palepale mwaka ujao mwezi uleule. Ichapishe kwenye karatasi, na nyuma yake uandike kwa kalamu mtaa, tarehe, na ulikuwa umesimama wapi.